Kovu Chini ya Veli

Nina kovu utosini. Ni dogo, upana wake ni wa kidole gumba, na hapo nywele hazijaota tena tangu nilipokuwa mtoto wa chekechea. Nililipata kwa kuteleza kwenye jiwe la mfongo, ule mfereji wa maji unaokatiza kihamba chetu, shamba la migomba la nyumbani, kule Machame na kuteremka kwa majirani, siku ambayo nilikuwa nimekatazwa kabisa kwenda huko. Aliyenikataza alikuwa bibi, mama yake baba. Aliyenitoa majini ni yeye huyo huyo. Alinikandamiza kichwa kwa kanga yake, akanibeba mgongoni mpaka zahanati, na njia nzima alikuwa ananigombeza. Ule ugomvi naukumbuka kuliko maumivu.

Shule ya msingi tulikuwa tunanyoa, kwa hiyo siri haikuwepo, na wenzangu walinitania mpaka wakachoka. Nilipoanza kufuga nywele ndipo nilipojifunza kuficha. Nilisuka mistari ya kupita pembeni, nikavaa wigi, nikafunga kilemba hata siku ambazo kilemba hakina kazi. Nilipopata kazi mjini Moshi kwenye duka la pembejeo na kupanga chumba Soweto, mtaa mzima ulinijua kama dada wa mbegu anayependa vilemba. Zaidi ya msusi wangu hakuna aliyejua sababu, na mimi ni mtu mkali kidogo, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Bibi yeye alilipenda hilo kovu. Alikuwa akisema ni alama aliyoniwekea mwenyewe asije akanipoteza sokoni. Nilikuwa nachukia akisema hivyo mbele ya wageni.

Kisha miaka ya karibuni bibi akaanza kusahau. Mwanzoni yalikuwa mambo ya kuchekesha. Anatia chumvi kwenye chai, anamwamkia ng'ombe shikamoo, anakaa anasubiri aitikiwe. Halafu yakaacha kuchekesha. Alimwita baba kwa jina la kaka yake aliyekwishazikwa. Macho nayo yakaingia ukungu, akawa anaona kivuli tu cha mtu anapopita mlangoni. Siku moja alimuuliza mama, aliyekuwa akimpikia mtori kila asubuhi, yeye ni mfanyakazi wa nani. Mama akajibu, "Wa kwako, mama," akaendelea kuponda ndizi. Nilitoka nje nikalia kule kwenye zizi, maana mama hakulia na sikutaka anione.

Aliyebaki akimtambua ni mimi peke yangu. Kila nilipopanda kutoka mjini mwisho wa wiki, nikiingia chumbani kwake aliuliza, "Nani huyo?" Sikuwa najibu, kwa sababu jina langu halikumwambia kitu tena. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikavua kilemba, nikaweka kichwa changu mapajani mwake. Vidole vyake vilitembea kwenye nywele, vikatafuta, vikafika. Hapo alicheka.

"Mtoto wa mfongo," alikuwa anasema. "Umekula?"

Baada ya hapo tungeweza kuzungumza lolote. Mengi yalikuwa yamechanganyika, waliokufa wakiwa wazima na wazima wakiwa bado hawajazaliwa, lakini alijua anazungumza na nani. Daktari alikwisha kutuonya kwamba hata hilo litaondoka. Nilikuwa naogopa siku hiyo kuliko nilivyoogopa msiba. Kila Jumamosi, kabla vidole havijafika, nilikuwa nimebana pumzi.

Na kwetu mtu hatoki nyumbani kwa jambo kubwa bila samli ya bibi. Ana kopo lake la siku nyingi, analiweka chini ya kitanda. Anachovya kidole, anakigandamiza utosini, anasema maneno machache kwa Kimachame, basi, umeruhusiwa. Nilipakwa nilipokwenda sekondari, na nikapakwa tena nilipokwenda kuanza kazi, nikaingia ofisini siku ya kwanza nikinukia maziwa. Samli ya kuolewa ndiyo niliyokuwa naisubiri kuliko zote. Niliisubiri hata kuliko pete, na mume wangu analijua hilo, tumeshanuniana na tumeshapatana.

Mama naye alikuwa na lake. Mama hakuvaa veli. Yeye na baba walianza maisha kabla ya kwenda kanisani, na walipokwenda, kaka yangu alikuwa tayari anatambaa. Usharika wao wa wakati huo ulikuwa na msimamo: wenye mtoto wanabarikiwa ndoa tu, asubuhi, bila veli na bila matarumbeta. Mama alivaa gauni la krimu na kitambaa kichwani, wakarudi nyumbani kwa miguu wakanywa chai. Hakuwahi kulalamika. Lakini kila harusi iliyopita barabarani kwetu, bendi ikipuliza juu ya gari la wazi, mama aliacha alichokuwa anafanya akaenda mpaka kwenye ua wa mimea ya masale kuangalia bibi harusi amefunikwa namna gani. Alikuwa mtaalamu wa veli za watu. Veli yangu aliichagua yeye, ndefu, yenye lesi pembeni, na aliibeba kutoka dukani kwa mikono miwili.

Msusi wangu ana saluni pale Soweto. Ni mama wa Kiislamu, mzaliwa wa mjini, sauti kubwa, na hajawahi kukutana na nywele zilizomshinda. Ni yeye tu katika mji mzima aliyelijua kovu langu, na alilichukulia kama adui yake binafsi. Tulipokaa kupanga mtindo wa harusi, alikizunguka kile kiti mara kadhaa, kisha akanigonga utosini kwa mpini wa kitana.

"Hapa tunajenga ghorofa," akasema. "Tunabana zote juu, tunaweka donati, tunazungushia. Kitana cha veli kinakaa chini ya ghorofa. Hata huyo bwana harusi afunue mara kumi, hataona kitu."

Donati ni lile duara la sponji ambalo nywele huzungushiwa ili kibuti, yaani lile fundo la nywele la juu, kiwe kikubwa. Siku ya harusi, asubuhi na mapema, nilikaa mbele ya kioo chake nikamwona akilipandisha. Jeli, pini, nywele za kuongezea, pini tena, halafu sprei mpaka wote wawili tukakohoa. Alipomaliza akanishikia kioo cha pili kisogoni. Kichwa kilikuwa laini pembeni na kimeinuka juu, shingo imekuwa ndefu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kichwa changu kilifanana na vichwa vya watu wengine. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilimkumbatia yule mama mpaka akanifukuza nisije nikaharibu kazi yake.

Ghorofa lile lilikuwa limejengwa juu ya kiwanja cha bibi, na si mimi wala msusi aliyeliona hilo.

Tulipanda Machame na msimamizi wangu, rafiki niliyefanya naye kazi, ambaye yeye alikwisha kuolewa na kwa hiyo alijua kila kitu. Alifunga madirisha yote ya gari upepo usinichezee. Nilikaa nimeinamisha kichwa ili ghorofa lisiguse dari, nikaona magoti yangu na mkoba wake njia nzima. Nyumbani kulikuwa kumechangamka, moshi unatoka jikoni, akina mama wanamenya ndizi, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, anageuzwa nyuma ya zizi. Nilivalishwa shela, gauni langu la harusi, chumbani kwa wazazi. Mama mwenyewe ndiye aliyechomeka kitana cha veli chini ya kibuti, akaishusha ile lesi mbele ya uso wangu, akarudi nyuma hatua mbili. Alinyoosha mkunjo ambao haukuwepo.

Matarumbeta yalikuwa yamekwisha kufika na kuanza kupuliza pale barabarani. Kilichobaki ni samli.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake chumbani, amevishwa gauni jipya la kitenge, kopo la samli limo mapajani na mikono yake miwili imelishika. Nilijua mara moja kwamba ilikuwa siku yake nzuri. Alikuwa ametulia, uso umeamka. Msimamizi akanifunulia veli na kuitupa nyuma, nikapiga magoti na shela lile lote.

"Nani huyo?"

Sikujibu. Niliweka kichwa mapajani, kando ya kopo, kama siku zote.

Mkono wake ulishuka. Ulikuta nywele ngumu za sprei, ukapapasa, ukakuta pini, ukapanda kwenye ule mlima wa sponji. Vidole vilisimama. Vilijaribu tena upande wa pili, taratibu, kisha bibi akauondoa mkono na kuufuta kwenye gauni lake.

"Ni mimi, bibi," nikasema.

"Wewe nani?"

Nikamtajia jina langu. Alilifikiria. Niliona kabisa anavyolitafuta, na niliona alivyolikosa.

"Karibu, mgeni," akasema kwa upole. "Kaa kitako. Wamekuletea chai? Leo tuna harusi hapa, mtoto wetu anaolewa. Bado hajafika. Ninamsubiri nimpake samli ndipo aende."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Bibi aliyesahau mchana na usiku alikuwa ameikumbuka harusi yangu. Alikuwa ameamka kwa ajili yangu, amevaa kwa ajili yangu, ananisubiri, na mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele yake na sikuwa nimefika.

Mama alijaribu kuokoa mambo. Aliinama, akaushika mkono wa bibi. "Mama, mpake tu hapa kiganjani, huyu ndiye mwenyewe, mchungaji anatusubiri." Bibi akafumba ngumi. Alilivuta kopo likamgusa tumboni.

"Samli siyo ya wageni," akasema. "Mpeni chai."

Msimamizi alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua afanye nini. Nje bendi ilikuwa imebadilisha wimbo. Nikapeleka mikono kichwani nikachomoa pini ya kwanza.

"Usiguse hizo nywele!" Mama alisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mama, hanijui."

"Atakujua kesho. Atakujua Jumamosi ukija. Leo ni kanisa."

"Na Jumamosi akiwa hanijui tena?"

Mama alikuwa anaitazama veli. Nilimwelewa, na nilimwonea huruma, na nikachomoa pini ya pili. Nilitaka bibi aniruhusu kutoka. Nilikuwa tayari kwenda kanisani na kilemba, na kama kanisa lingekataa, basi lingekataa.

Nilifikiri mama atatoka nje. Badala yake alikuja nyuma yangu, akakichomoa kile kitana cha veli pole pole ili lesi isikwaruzwe, akamwambia msimamizi, "Wewe toa pini za upande huo." Wakaanza kulibomoa ghorofa. Nywele za bandia zikatoka, donati likaanguka chini likabingirika mpaka chini ya kitanda. Bibi alikuwa anasikiliza kelele zote hizo, akauliza kama kuna mtu ananyonyoa kuku. Nilicheka na machozi yananitoka, poda ya usoni ikaanza kwenda na njia zake.

Kopo la samli lilikuwa limefungwa kwa kukaza, na vidole vya bibi havikuwa na nguvu. Mama alitaka kumsaidia lakini mikono yake ilikuwa imejaa veli, na mahali pa kuiweka hapakuwepo, sakafu ina vumbi na kitanda kina blanketi la manyoya. Basi akaitupia kichwani kwake mwenyewe, juu ya kitambaa chake, akalifungua kopo. Alisimama hivyo. Mama yangu, aliyekwenda kanisani asubuhi na gauni la krimu, alikuwa amesimama na veli yenye lesi imemshuka mpaka miguuni, anashika kopo la samli, na wala hakujua anavyoonekana. Msimamizi alinigusa bega nitazame. Nilikuwa nimeshaona.

Niliweka kichwa mapajani mwa bibi kwa mara ya pili. Vidole vikaja. Nywele zilikuwa na jeli bado, zimeshikamana, vikapata shida, vikazitenganisha. Nilibana pumzi.

Vikafika.

Bibi alicheka. "Mtoto wa mfongo," akasema. "Mbona umelowa kichwa?"

"Ni mafuta, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

Akachovya kidole kwenye kopo alilolishika mama, akakigandamiza juu ya kovu, akasema maneno yake. Sikuyaelewa yote, Kimachame chake ni cha zamani. Samli ilikuwa ya baridi, ikaanza kuyeyuka na kuteremka kuelekea paji la uso. Kisha akazigusa lesi za mikono ya shela langu.

"Unakwenda wapi umevaa hivi?"

"Nakwenda kuolewa, bibi. Kwa watu wa Kahe."

"Kule chini? Kule kuna jua." Alifikiri kidogo. "Haya, nenda. Lakini usichelewe kurudi."

Kwetu bibi harusi haambiwi hivyo. Anaambiwa akajenge, akavumilie, akatulie kwa mumewe, na wazee wengi wangesema ni mkosi kumwambia arudi. Mama alikohoa. Nami nilimjibu bibi kama nilivyokuwa namjibu alipokuwa ananituma dukani.

"Sitachelewa."

Msimamizi alinifunga nywele kisogoni kwa pini zilizosalia, fundo dogo la kawaida kama la mtu anayekwenda shambani. Veli ikawekwa juu, bila ghorofa la kuishikilia, na ibada nzima ilikuwa inateleza. Nilitembea shingo imekakamaa kama nimebeba ndoo. Bwana harusi alipofunua, alifunua yote, ikaanguka nyuma, na usharika mzima ukacheka. Aliyeinuka kutoka benchi la mbele kuja kuiokota ni mama. Aliikung'uta, akanivika upya mbele ya mchungaji, taratibu, bila haraka yoyote, wala hakuna aliyemkataza. Mume wangu alininong'oneza kwamba nanukia kama jikoni kwa bibi yangu. Kwenye picha kovu linaonekana vizuri, linang'aa kwa samli kuliko pete. Msusi alipoziona alishika kichwa, akaniuliza kosa lake ni nini.

Nilimwambia bibi sitachelewa, na nilimaanisha. Lakini harusi ina mambo yake. Kulikuwa na kushukuru, kulikuwa na wageni wa ukweni, halafu msimu wa kupandikiza mpunga ukaanza na Kahe nzima ikawa matopeni, na mimi ndiye mgeni wa nyumba, siwezi kuwa wa kwanza kuomba ruhusa. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Mama hakunipigia simu kulalamika, na mimi nikajiambia kwamba kimya cha mama maana yake ni salama.

Nilipopanda hatimaye ilikuwa jioni, ng'ombe anakamuliwa. Mama alikuwa mlangoni anaosha vyombo. Tulisalimiana, nikauliza habari za bibi. Akafuta mikono.

"Hasemi na mtu siku hizi," akasema. "Neno lake ni moja tu. Kila jioni nikitaka kufunga mlango anakataa. Anasema mtoto wa mfongo hajarudi. Tunalala na mlango wazi, baba yako ameweka kiti pale na panga, analinda."

Nilivua kilemba pale pale uani. Niliingia, nikapiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amelala, amekonda, na hakuuliza nani huyo. Niliuchukua mkono wake mimi mwenyewe nikauweka kichwani kwangu, maana haukuwa na nguvu ya kuja. Ulikaa. Niliusubiri. Baada ya muda kidole kimoja kikaanza kutembea, polepole sana, kikasimama, kikatembea tena.

Safari hii hakucheka.

"Umechelewa," akasema, kwa sauti ile ile ya kunigombeza njia nzima ya zahanati. Kisha akamwita mama, akamwambia sasa afunge mlango.